Shemeji na Bunduki Zake: Mjadala kutoka Mashamba ya Pennsylvania

Kwa zaidi ya nusu karne, Jumatatu inayofuata sikukuu ya Thanksgiving shule nyingi za mashambani Pennsylvania hazikufunguliwa. Haikuwa kwa sababu ya theluji. Mwalimu alikuwa msituni, dereva wa basi la shule alikuwa msituni, na watoto waliokwisha kutimiza miaka 12, umri wa kukata leseni, walikuwa msituni na baba na babu zao, wamevaa rangi ya chungwa inayowaka, wakimvizia ayala wa mkia mweupe. Msimu wa bunduki ulianza siku hiyo tangu 1963. Mwaka 2019 tume ya wanyamapori ya jimbo iliusogeza hadi Jumamosi ili wafanyakazi na wanafunzi wapate nafasi bila kuomba ruhusa, na manung'uniko hayajaisha. Wenye kambi za uwindaji, vile vibanda vya mbao vinavyorithishwa katika kaunti kama Potter na Tioga, wanasema wameporwa siku mbili tamu kuliko zote: ya kufika, kuwasha jiko la kuni na kucheza karata, na ya kungoja.

Maisha ya namna hii hayamjii haraka msikilizaji wa Kiswahili anaposikia "Marekani" na "bunduki" katika sentensi moja. Kinachomjia ni taarifa ya habari. Ndiyo maana mjadala huu unawaketisha watu watatu kwenye meza moja. Wamebuniwa na hawana majina, lakini wanayoyataja hayakubuniwa, wala mahali pao: mji wa Lancaster, kusini-mashariki mwa jimbo hilo, umepokea wakimbizi wengi wa Kongo. Wa kwanza ni dereva wa malori, mzaliwa wa Tabora, anayekaa nje kabisa ya mji na ana bunduki 7. Wa pili ni shemeji yake, Mkenya, muuguzi wa chumba cha dharura. Wa tatu ni mzee wa Uvira aliyefundisha shule kwao. Wenzake humwita Mwalimu.

Dereva akaanza, kwa kuwa ndiye mshtakiwa. "Nyinyi mnahesabu bunduki 7," akasema. "Mimi nahesabu mwaka mzima."

Mwaka wake huanza Septemba, na huanza bila bunduki. Mtu anapita msituni akisoma ardhi: nyayo, kinyesi, miti iliyochubuliwa magome na pembe za madume. Anafunga kamera ndogo mtini, inayopiga picha ya kila kinachopita usiku. Oktoba huenda kwenye uwanja wa shabaha, yadi 100, yaani mita 91 hivi, kuhakikisha darubini ya bunduki haijahama tangu mwaka uliopita. Anapiga risasi chache, anarekebisha, anapiga tena, anarudi nyumbani. Novemba hununua soksi. "Msicheke," akawaambia. "Aliyeshindwa na baridi hurudi saa 3 asubuhi, na ayala hupita saa 4." Msimu wenyewe ni wiki mbili, na siku nyingi ndani yake huisha bila mtu kufyatua hata mara moja. Akibahatika, kazi ndiyo kwanza imeanza: kumtoa matumbo palepale, kumburuta hadi gari lilipo, kumning'iniza, kumchuna, kukata minofu na kuijaza kwenye friza. Familia ya dereva hainunui nyama ya ng'ombe hadi Machi. Mwenye ziada huipeleka kwa bucha anayeshirikiana na Hunters Sharing the Harvest, mpango ulioanza 1991 wa kugawa nyama ya ayala kwa wenye shida. Na tangu 2012, ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza jimboni ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa wanyama hao, katika maeneo yaliyoathirika wawindaji hutumbukiza vichwa kwenye mapipa maalumu vikapimwe. Hiyo nayo ni burudani, ukipenda kuiita hivyo.

Muuguzi akataka kujua bunduki 6 zilizobaki zinafanya nini mtu akiwa anawinda na moja.

Ni swali ambalo kila mke wa mwindaji amewahi kuliuliza, na jibu la dereva lilikuwa refu. Moja ni ya marisau, ya ndege na sungura. Moja ni ndogo, ya kumfundishia mtoto. Moja ni Remington 760, aina iliyoingia sokoni 1952, ambayo baada ya kila risasi mpigaji huvuta gogo la mbele kwa mkono ili kuleta risasi nyingine. Huko huitwa kwa mzaha "bombomu ya Waamishi". Mzaha huo una asili yake: Pennsylvania kwa kawaida hairuhusu bunduki zinazojipakia zenyewe katika kuwinda ayala, kwa hiyo mwenye haraka akakimbilia ile ya kuvuta, na Waamishi, wale Wakristo wa Lancaster wanaokataa vita na wanaosafiri kwa vigari vya kukokotwa na farasi badala ya kumiliki motokaa, ni wawindaji wazuri tu.

Halafu ipo ile aliyoitaja kwa sauti tofauti: bunduki ya gumegume.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Tangu 1974 Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi ambapo anayetaka kuwinda ayala kwa bunduki ya kale hulazimika kutumia jiwe la gumegume, baruti ya kumimina mdomoni mwa mtutu na risasi ya kushindilia. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche inaruka, baruti ya nje inawaka kwanza, na baada ya mshtuko mdogo ndipo mlio unapotoka. Theluji ikiingia kwenye kisahani cha baruti, umekwisha. Ayala mwenye akili anakuwa ameshaondoka. Na bunduki hizo ni mali ya nyumbani kabisa: katika karne ya 18 wahunzi Wajerumani na Waswisi waliohamia Lancaster walichukua bunduki fupi nene za kwao, wakarefusha mtutu kupita mita moja na kupunguza tundu lake, ili mtu anayeishi mbali na duka atumie risasi na baruti kidogo. Dunia ikaja kuziita bunduki za Kentucky. Lancaster ilifanya kazi, Kentucky ikapata sifa.

"Babu yangu alikuwa na gobore," dereva akasema. "Sikuwahi kuligusa, tulikatazwa. Nimekuja kulishika la watu huku, nina miaka 40." Kwa mtu wa Tabora hilo si jambo dogo; katika karne ya 19 magobore yalipita Unyamwezi kwa wingi pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na mtemi Mirambo wa huko alijenga dola yake kwa askari waliobeba bunduki hizo.

Chini ya nyumba ana meza ya kujazia risasi upya. Hatupi maganda ya shaba. Huyasafisha, huyarudisha kwenye umbo, hupachika fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya punje (punje 7,000 ndizo ratili moja), kisha huketisha risasi. Wenzake waliozama zaidi huenda kwenye klabu ya karibu na Williamsport iliyoanzishwa 1967, ambako shindano ni kupiga karatasi iliyo umbali wa yadi 1,000, mita 914, na mshindi ni yule ambaye matundu ya risasi zake yamekaribiana zaidi. Wapo walioyaweka matundu 5 ndani ya upana wa kiganja. Mtu wa namna hiyo hafikirii kumuua kiumbe yeyote; anafikiria upepo. Angezaliwa Zanzibar huenda angekuwa bingwa wa bao.

Mwalimu, aliyekuwa kimya muda wote huo, akauliza kwa upole: "Na hao majirani wasiowinda, mnaonana nao wapi?"

Kwenye jengo la zimamoto. Vikosi vya zimamoto vya mashambani Pennsylvania kwa sehemu kubwa ni vya kujitolea, na njia mojawapo ya kununulia mipira ya maji na magari ni bahati nasibu ya bunduki: unakata tiketi, unakula, namba inaitwa, na anayeshinda hukaguliwa rekodi zake kwa muuza silaha mwenye leseni kabla ya kukabidhiwa. Mwalimu akatikisa kichwa. Kwao bunduki ndiyo iliyochoma nyumba. Hapa bunduki inanunua gari la kuzima moto.

"Shemeji," muuguzi akasema, "tumekusikia. Uwindaji mzuri, nyama nzuri, gumegume zuri. Sasa niambie: ile bastola iliyo kwenye droo kando ya kitanda inawinda ayala gani?"

Swali hili ndilo lililogeuza mazungumzo, na takwimu ziko upande wa aliyeliuliza. Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani wenye bunduki kwa nini wanazo. Asilimia 72 walisema sababu kubwa ni kujilinda. Uwindaji ulipata asilimia 32, michezo ya shabaha asilimia 30. Kwa hiyo mtu wa gumegume na friza yupo, ila hamwakilishi mnunuzi wa leo. Mwanasosholojia David Yamane ameandika kwa kirefu kuhusu mhamo huo, kutoka utamaduni wa kuwinda na kulenga shabaha hadi utamaduni wa kujihami. Hata chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilipita njia hiyo. Kilianzishwa 1871 na maofisa wa zamani wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walioona aibu jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga. Kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa mafunzo na mashindano. Katika mkutano wa Cincinnati wa 1977 wanachama waliotaka mapambano ya kisiasa waliupindua uongozi, na chama ndicho hiki tunachokisikia leo.

Dereva hakukataa. Alijibu kwa umbali. Karibu nusu ya manispaa za Pennsylvania hazina polisi wao wenyewe. Zinategemea polisi wa jimbo, ambao doria yao moja huweza kubeba eneo kubwa ajabu. "Wewe ukipiga simu mjini, king'ora unakisikia kabla hujakata. Mimi nikipiga, napika chai." Kisha akaongeza jambo ambalo wapinzani wa bunduki hulisahau na wapenzi wa bunduki hulirudia mno: chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1937, inayojulikana kwa majina ya Pittman na Robertson, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi hutozwa kodi ya asilimia 11 kwa mtengenezaji, bastola asilimia 10, na fedha hizo hurudi majimboni kuhifadhi wanyamapori. Hata yule wa droo ya kitanda, bila kujua, anamlipia ayala malisho.

"Nyinyi Kenya mlipiga marufuku uwindaji 1977," akamtania shemeji yake. "Wanyama wakaongezeka?"

Hawakuongezeka. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba tangu mwaka huohuo wa 1977 wanyama wakubwa wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Lakini muuguzi naye hakuwa mtu wa kukubali nusu ya hadithi. Sababu zilizotajwa ni ongezeko la watu, mifugo, uzio, ukame, ujangili. Marufuku haikuwa mchawi. Tena, nani aliyemmaliza ayala wa Pennsylvania? Wawindaji haohao. Walimwinda kwa soko mwaka mzima hadi mwishoni mwa karne ya 19 akawa adimu, ikabidi jimbo liunde tume ya wanyamapori 1895 na kuanza kununua ayala kutoka majimbo mengine 1906. Leo katika msimu mmoja huuawa zaidi ya ayala 400,000 na bado wanakula bustani za watu. Kilichowaokoa ni sheria, leseni na fedha, vyote vikiwa na askari wa kuvisimamia. "Kwa hiyo usiniambie bunduki ndiyo iliyohifadhi," akasema. "Bunduki ilihifadhi ilipofungwa kamba."

Katika raundi hii muuguzi alishinda, na dereva alijua.

Mwalimu alikuwa na shitaka la aina nyingine. Halikuwa na tarakimu. Yeye hakuogopa mwindaji. Kwao Kivu wawindaji walikuwepo tangu hapo, na mtu akileta nyama ya porini alipewa kiti. Alichokiona tangu vita vya 1996 ni bunduki kubadilisha umri: kijana wa miaka 14 mwenye Kalashnikov akawa mkubwa kuliko chifu, kuliko padri, kuliko baba yake. "Ninyi mnasema chombo ni chombo," akasema. "Jembe halijawahi kumfanya mtoto anitukane." Na kinachomsumbua hapa Pennsylvania ni furaha. Mtu kula alichokiua, sawa. Lakini kijiji cha Hegins kwa miaka mingi tangu 1934 kilikuwa na sherehe kila sikukuu ya wafanyakazi, ambapo njiwa hai waliachiwa kutoka masandukuni kwa maelfu ili watu wawapige, na watoto walikimbia uwanjani kuwamalizia waliojeruhiwa. Ilikoma 1999 tu, baada ya uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo kufungua mlango wa mashtaka ya ukatili. "Huo ulikuwa uwindaji gani?"

"Ule haukuwa uwindaji, Mwalimu," dereva akakiri. "Ulikuwa uhuni wenye mabanda ya soseji." Kisha akamletea mifano miwili ya wawindaji kujizuia wenyewe, na mtu mwadilifu hana budi kuipa uzito. Wa kwanza ni usalama. Zamani msimu wa ayala ulikuwa msimu wa mazishi. Mafunzo kwa wawindaji wapya na sharti la kuvaa angalau inchi za mraba 250 za rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni vilibadilisha hali. Mwaka 2012 ulikuwa wa kwanza, tangu kumbukumbu zianze kuwekwa 1915, kupita bila hata mtu mmoja kufa kwa risasi katika uwindaji jimboni. Wa pili ni ule wa 2017. Bunge la jimbo lilikuwa limeipa tume mamlaka ya kuruhusu bunduki zinazojipakia zenyewe. Tume iliwauliza wawindaji. Walio wengi walisema hapana kwa ayala, na tume ikaziruhusu kwa wanyama wadogo tu. Watu walewale ambao nje wanaonekana kama wanataka kila silaha kila mahali walisema: msituni, jirani yangu asiwe na risasi nyingi za haraka.

Mwalimu akasema hilo ni jambo la heshima. Hakusema limemridhisha.

Kufikia hapo mjadala ungeweza kuzunguka palepale, na mijadala mingi ya bunduki huzunguka hivyo: mmoja anataja mauaji ya shuleni, mwingine anataja jambazi aliyevunja mlango, kila mmoja analala na ushindi wake. Muuguzi ndiye aliyeutoa kwenye mzunguko, kwa kutaja wagonjwa ambao hawafiki kwake.

Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani. Katika hao, 26,328 walijiua wenyewe. Ni zaidi ya nusu, na mashambani kiwango cha watu kujiua ni kikubwa kuliko mijini. Anayeongoza katika hesabu hii si kijana wa genge. Ni mwanamume wa makamo au mzee, mara nyingi mtu mwema, mke amefariki au shamba limeuzwa au mgongo umekataa, ambaye bunduki imekuwa nyumbani mwake tangu utotoni. "Aliyemeza vidonge namkuta kitandani," muuguzi akasema, "tunamhangaikia, kesho anaomba uji. Wa bunduki naletewa karatasi nisaini." Tofauti hiyo inajulikana kitabibu. Wanaojaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu 9 kati ya 10. Kwa njia nyingine nyingi walio wengi huokolewa, na waliookolewa, karibu 9 kati ya 10, hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Dhoruba ile hupita. Inachohitaji mtu ni kuwa hai ikipita.

Dereva akajibu kama watu wengi wanavyojibu: anayetaka kufa atapata njia. Na hapa, kwa maoni ya mwandishi, ndipo mapenzi ya bunduki yanapomdanganya mtu ambaye kwa mengine yote ni makini. Anapima baruti hadi sehemu ya kumi ya punje, halafu jambo la uhai na mauti analipima kwa methali. Jeshi la Israel liliwahi kuwa na imani hiyohiyo hadi 2006, lilipoacha kuwaruhusu askari vijana kwenda na silaha nyumbani wikendi. Vifo vya kujiua vikapungua kwa asilimia 40, upungufu ukionekana zaidi katika siku za wikendi. Hawakutafuta njia nyingine kwa wingi ule uliotabiriwa.

"Basi mnataka mje mzichukue," dereva akasema.

"Nani amesema kuchukua? Nasema ufunguo."

Muuguzi akasimulia ya New Hampshire. Mwaka 2009 mwenye duka la bunduki katika jimbo hilo aligundua kwamba katika muda usiozidi wiki moja wateja watatu wasiojuana walinunua silaha kwake, kila mmoja akajiua ndani ya saa chache. Hakufunga duka, wala hakukana. Aliungana na watu wa afya ya jamii, wakatengeneza mabango na vipeperushi kwa lugha ya wauza bunduki wenyewe: namna ya kumtambua mteja aliyevurugikiwa, namna ya kukataa kuuza bila kugombana, na ombi kwa wanunuzi kwamba rafiki akipitia kipindi kibaya, wamsaidie kuziweka silaha zake mbali kwa muda. Walipozungukia maduka ya jimbo baadaye bila taarifa, karibu nusu ya wenye maduka walikuwa wamebandika mabango hayo. Hakuna polisi aliyewalazimisha. Mifano ya mpango huo ikaenea majimbo mengine.

Hili lilimgusa dereva kuliko takwimu zote zilizotangulia, na sababu si ngumu kuiona: aliyeongea alikuwa mtu wa kaunta ileile anakonunulia fataki. Akaanza kufikiri kwa sauti. Kwenye kambi yao wapo wazee watatu wanaokaa peke yao. Mmoja tangu afiwe hajajaza risasi hata moja; kwamba ameacha hobi yake, kila mmoja kambini ameliona, hakuna aliyesema. Kumnyang'anya bunduki ni kumtoa kambini, na kambi ndiyo iliyobaki kumfanya aamke. Lakini kumwambia, "Mzee, sefu yako nitakaa na ufunguo wake hadi theluji iyeyuke," hilo rafiki anaweza.

"Na sheria?" Mwalimu akauliza.

Sheria imekaa vibaya. Zaidi ya majimbo 20 yana utaratibu wa hakimu kuagiza silaha za mtu aliye hatarini ziondolewe kwa muda. Pennsylvania si mojawapo. Kuuziana bunduki ndefu kati ya watu binafsi hapo jimboni hakuhitaji ukaguzi, lakini bastola hupaswa kupitia kwa muuzaji mwenye leseni au kwa sherifu, kwa hiyo anayetaka kumhifadhia rafiki bastola kwa miezi mitatu anaweza kujikuta matatani kwa wema wake. Ufunguo hauna shida hiyo. Unaweza kuishi mfukoni mwa yeyote.

Muuguzi, akiona amepata nafasi, akasukuma mbele zaidi: kuwe na siku za kusubiri kati ya kulipia na kuchukua. Dereva akarudi vitani. "Mimi nina 7. Kunisubirisha ya 8 kunamsaidia nani?"

Cha kuchekesha, wote wawili walitumia utafiti mmoja. Ulifanyika California na kuchapishwa 2020, ukiwafuatilia watu wazima wapatao milioni 26. Ulionyesha kwamba wanaume waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano mara 8 zaidi wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wasiomiliki, na wanawake mara 35. Hatari ilikuwa juu kupita kiasi mara tu baada ya kununua ya kwanza. Muuguzi akaishia hapo: siku za kusubiri ni kwa ajili ya ya kwanza, si ya nane. Dereva akaendelea na ukurasa uliofuata: zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka kupita tangu silaha inunuliwe. Huko kusubiri hakufiki. Huko kunafika sefu, kufuli na mtu anayekujua.

Wakabaki hivyo, kila mmoja na nusu yake ya utafiti, ila wakakubaliana juu ya kipeperushi cha kuwekwa kwenye bahati nasibu ijayo ya zimamoto. Wakaanza tena kubishana kuhusu mpangilio wake. Muuguzi alitaka 988, namba ya simu ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua inayotumika nchi nzima tangu 2022, iwe mstari wa kwanza. Dereva akasema hakuna mwanamume katika ukumbi ule atakayesoma karatasi inayoanza na namba ya simu. Ianze na ufunguo wa sefu. Mwalimu, kwa mara ya kwanza jioni hiyo, akamuunga mkono mwenye bunduki, akataka upande wa pili uandikwe Kiswahili, kwa kuwa vijana wa Kongo nao wameanza kukata tiketi. Muuguzi akaridhia ufunguo utangulie, kwa sharti kwamba 988 iwe na herufi kubwa kuliko bei ya tiketi.